Minervali, silabusi na valvu: Kiswahili cha masomo kati ya Butembo na Beni

Makala haya yanahusu Kiswahili ambacho sisi wanafunzi wa Butembo na Beni tunakitumia katika mambo ya masomo: kulipa ada, kutafuta nakala, kueleweshana, kufaulu na kuanguka. Nimekuwa nikikisikiliza na kukiandika daftarini tangu mwaka wangu wa pili, kwanza kwa ajili ya zoezi la kozi ya isimujamii, baadaye kwa hamu yangu tu. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili hiki, ambacho wengi wanakiita kibovu, ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya kazi ya kufundisha katika miji yetu miwili, lakini siku ya mtihani kinaachwa nje ya mlango pamoja na simu na mabegi.

Neno lenyewe la makala linaonyesha tulipo. Kwa Kiswahili sanifu makala ni maandishi kama haya. Butembo, makala ni yale ya kupikia, yanayouzwa kwa gunia. Mama mwenye parseli ninamopanga alipoambiwa kwamba nimeshinda chumbani nikitengeneza makala, aliuliza kama nitamuuzia kwa bei nzuri.

Kuhusu tahajia: maneno yaliyotoka Kifaransa nimeyaandika kama yanavyosikika katika vinywa vya wanaoyasema. Najua wenzangu watapinga, maana wao wakiandikiana kwa simu hufuata tahajia ya Kifaransa. Lakini neno likishapokea kiambishi cha wingi na kukaa katikati ya sentensi ya Kiswahili, sioni kwa nini tuendelee kulihesabu kuwa mgeni.

Miji miwili

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 50 na kitu kwa barabara ya taifa namba 2. Butembo iko juu milimani, kuna baridi. Beni iko chini, kuna joto. Kwa lugha pia hazifanani. Butembo ni mji wa wafanyabiashara ambako Kinande kinasikika kila kona, kuanzia "wavukire" ya asubuhi hadi "wasingya" ya kushukuru. Beni watu wamechanganyika zaidi: Wanande, waliotoka Ituri, wenye asili ya vijiji vya msituni, na askari na Lingala yao. Kwa sababu hiyo mwanafunzi aliyekulia Beni mara nyingi anafika chuoni Kiswahili kikiwa kimemkaa kinywani, na mwenzake wa Butembo au wa vijiji vya Lubero anafika akiwa na Kinande kwanza, Kiswahili pili, Kifaransa cha darasani tatu.

Vyuo vyenyewe vimebeba majina ya lugha nyingine kabisa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko. Graben ni neno la Kijerumani lenye maana ya handaki. Wanajiolojia ndio waliolitumia kwa bonde la ufa, nasi tumelirithi kama jina la chuo. Huko Beni kuna Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili cha Kongo, kilichofungua milango mwaka 2007. Lugha hizo mbili ni Kifaransa na Kiingereza. Silaumu, kwa sababu Uganda iko karibu na Kiingereza kina kazi yake. Ila mwanafunzi wa kawaida wa Beni alikuwa na lugha mbili au tatu hata kabla ya kujiandikisha, na hizo hazikuhesabiwa.

Kabla sijaingia kwenye msamiati, niseme jambo moja kuhusu orodha ya majina. Kwa Wanande jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Asista anayesoma orodha katika oditwari ya mwaka wa kwanza akiita "Kambale", safu nzima inaitika. Ndiyo maana wanafunzi hupeana majina ya utani haraka sana, na mengi kati ya hayo yanatoka katika kozi zenyewe. Nimemfahamu mmoja aliyeitwa Fonimu hadi siku aliyomaliza.

Maneno ya fedha

Ukitaka kujua jamii inaumia wapi, angalia ni wapi imetengeneza maneno mengi. Kwa wanafunzi wetu, ni katika ada.

Minervali ni ada ya masomo. Neno hili Wabelgiji walilileta Kongo pamoja na shule zao, na asili yake ni Kilatini: zawadi aliyopewa mwalimu na mwanafunzi, kwa jina la Minerva, mungu wa kike wa hekima wa Warumi. Leo hakuna anayelisikia kama zawadi. Minervali hulipwa kwa vipande, na kila kipande kinaitwa tranchi. Ushahidi wa malipo ni bordero, karatasi ya benki inayotunzwa kuliko kitambulisho. Aliyemaliza tranchi inayotakiwa anasema "niko anordri", yaani mambo yangu yako sawa. Msemo huu ndio unaonivutia kuliko yote. Kwa Kifaransa ni maneno mawili ya ofisini. Katika Kiswahili chetu yamekuwa neno moja, sifa ya mtu. Wiki ya mtihani watu hawaulizani "umesoma?" kabla ya kuulizana "uko anordri?". Mlangoni ndiko kunakoamuliwa nani ataandika mtihani, na hapo aliyesoma usiku kucha bila bordero hana tofauti na ambaye hakusoma kabisa.

Linganisha na Tanzania. Wanafunzi wa vyuo vya huko wana neno bumu, fedha za mkopo wa serikali zinapoingia. Bumu limezaa utani na methali za mabweni. Kwetu neno la namna hiyo halipo, kwa sababu kitu chenyewe hakipo: mwanafunzi wa kawaida wa Butembo hasubiri fedha ya serikali, anasubiri mama auze maharage, au yeye mwenyewe apate abiria wa pikipiki. Tanzania pia wanasema mtu amedisko, yaani ameondolewa chuoni kwa alama mbaya. Sisi tuna kueshue, kuanguka mtihani, na kuduble, kurudia mwaka. Lakini kwa anayeacha masomo katikati kwa kukosa fedha hatukukopa neno lolote. Tunasema tu "alibaki". Jina lake linaendelea kusomwa kwenye orodha kwa miezi, sepe wa promosio anajibu "alibaki", na Asista anapita kwa linalofuata.

Silabusi nayo inastahili aya yake. Nairobi au Dar es Salaam silabasi ni mpango wa kozi: mada, wiki, vitabu. Kwetu silabusi ni kozi yenyewe yote, imepigwa chapa na kuunganishwa, unainunua, unaisoma, unaijibia. Neno ni moja la Kilatini, njia ni mbili: moja imepitia Kiingereza, nyingine imepitia Kifaransa cha Ubelgiji. Rafiki yangu aliyesoma sekondari Kasese, upande wa Uganda, alishangaa wiki ya kwanza kusikia kwamba silabusi inalipiwa. Alidhani anauziwa ukurasa mmoja wa mpango. Chuo kisicho na maktaba kubwa kinaishi kwa silabusi. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye hajainunua anakuwa msomaji wa usiku, anaazima ya mwenzake saa nne na kuirudisha alfajiri.

Valvu ni ubao wa matangazo, na hili pia ni la Kibelgiji. Mfaransa wa Paris angedhani unazungumzia bomba. Matokeo yakitoka, watu wanasema "biko ku valvu".

Sarufi ya sentensi fupi

"Biko ku valvu" ni sentensi ya maneno matatu, lakini mwalimu wa Kiswahili sanifu ataichora wino mwekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tuitazame bila wino. "Bi-" ni kiambishi cha ngeli ya nane. Sanifu inasema "vi-". Kongo b imebaki mahali ambapo pwani wana v au w: bitu, batoto, banafunzi. "-ko" imekuwa kitenzi kamili cha kuwa. Na "ku" ni mahali. Pwani mahali huonyeshwa kwa kuongeza -ni mwishoni, sisi tunatanguliza ku na mu: ku soko, mu nyumba, mu oditwari. Viambishi hivyo ni vya ngeli ya 17 na ya 18, vilevile ambavyo wanafunzi wa lugha za Kibantu wanavikariri kwenye jedwali la Meinhof.

Diminutivu ni mfano mzuri zaidi. Mwanafunzi akitoka darasani anasema: "Balitupatia kaintero." Intero ni jaribio fupi, na ka- inalipunguza, ama kwa kulidharau ama kwa kujituliza moyo. Wingi wake ni tu-: tuintero. Ka- na tu- ni ngeli ya 12 na ya 13, zinazorudi hadi Kibantu cha awali. Kinande wanazo: aka-, otu-. Kiswahili cha pwani ndicho kilichoziacha na kutumia ki- na vi-. Basi tukisema kwamba mtu wa Beni ameharibu Kiswahili kwa kusema "tutoto", tunamlaumu kwa kutunza kitu ambacho jirani amekipoteza.

Nyongeza kuhusu wingi wa maneno ya kukopa: watu wanachukua ba- (baprofu, baasista), vitu vinachukua ma- (masilabusi, mavalvu). Na mazoea yanaonyeshwa kwa -ak-: "mi ninasomaka usiku", pale ambapo sanifu ingesema "mimi husoma usiku". Hakuna fujo humo. Kuna kanuni, na mtoto wa miaka mitano anazifuata bila kukosea.

Kundi la jioni

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mhadhara unatolewa kwa Kifaransa. Silabusi ni ya Kifaransa. Jioni, watu wanne au watano wanakusanyika katika chumba cha mmoja wao kurevize, taa ni simu iliyoegeshwa kwenye kopo, na hapo Kifaransa kinadumu dakika chache tu. Kinachofuata kinategemea nani yuko chumbani. Nimeona mara nyingi Butembo: kundi la Wanande watupu linaingia kwenye Kinande, akibisha hodi mwenzao wa Bunia au wa Bukavu, mazungumzo yanahamia Kiswahili kabla hajakaa. Hakuna anayeamuru. Kiswahili ni adabu ya kumpokea mgeni. Beni kundi huanzia kwenye Kiswahili moja kwa moja.

Hiki ni kipande cha mazungumzo nilichokiandika usiku uleule, somo likiwa fonolojia:

"Yaya, ile ya armoni mi sikuelewa kabisa."

"Armoni ni mambo ya kufwatana. Voyeli moja inavuta ingine."

"Inavuta namna gani?"

"Sema erilima, ile ya kulima. Sasa sema erilima ingine, ile ya kumaliza bitu byote. Unasikia? Mwanzo nayo inabadilika."

"Aa! Kumbe ni ile ya kwetu!"

Kwa msomaji asiyejua Kinande: lugha hiyo ina aina mbili za i, moja ya ulimi uliolegea, nyingine ya ulimi uliosogezwa mbele. Kitenzi cha kulima shamba na kitenzi cha kuangamiza huandikwa sawa kwa herufi za kawaida, erilima, lakini havitamkwi sawa, na aina ya irabu ya mzizi inaenea hadi kwenye kiambishi cha mwanzo. Huo ndio ukubaliano wa irabu. Kiswahili nacho kinao wa kwake: tunasema limia na pikia, lakini somea na cheka huzaa chekea.

Sasa tazama kilichotokea katika mazungumzo yale. Mwanafunzi mkubwa ametoa istilahi mbili ambazo hazimo katika silabusi, kufwatana na kuvuta. Ametoa mfano kutoka lugha ya nyumbani. Mdogo wake ameelewa, tena kwa furaha ambayo sijaiona mchana. Siku ya mtihani swali litauliza fasili ya armoni kwa Kifaransa. Atakayeandika sentensi ya silabusi neno kwa neno atapata alama zake hata kama hakuelewa kitu. Yule wa "kumbe ni ile ya kwetu" akijaribu kueleza kwa Kifaransa chake mwenyewe, kilichojaa makosa ya jinsia za nomino, anaweza kukosa hata nusu. Kwa hiyo anafanya la busara: anakariri. Nimewaona wakiacha kitu walichokielewa na kukariri sentensi wasiyoielewa, kwa sababu alama ziko upande ule.

Na si kwamba mifano ya Kinande haina hadhi. Katika isimu ya dunia Kinande ni lugha maarufu. Ngessimo Mutaka, mwanaisimu wa kwetu, aliandika juu ya toni zake, na mwaka 1990 yeye na Larry Hyman wa California walichapisha makala juu ya uradidi katika Kinande ambayo inasomwa mpaka leo. Mwanafunzi wa Marekani ambaye hajawahi kusikia "wavukire" anachambua data ya Kinande katika zoezi la nyumbani. Mwanafunzi wa Butembo, ambaye data iko kinywani mwake, anaionea haya.

Nimejadiliana na walimu kuhusu jambo hili, na hoja yao si nyepesi. Mmoja aliniambia: "Mzazi aliyeuza ng'ombe hakuuza ili mwanawe arudi na Kiswahili cha stendi." Kazi zinazotangazwa zinadai Kifaransa, mashirika yanataka ripoti kwa Kifaransa. Ni kweli. Wala sisemi Kifaransa kiondolewe. Katiba ya 2006 imekiweka kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na za mazingira katika ufundishaji. Mwaka 2022 Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tarehe 7 Julai tunaimba sifa za Kiswahili. Ninachokiona kigeni ni kwamba hata TFC ninazozijua kuhusu Kiswahili chenyewe, au kuhusu Kinande, zimeandikwa kwa Kifaransa kuanzia shukrani hadi hitimisho.

L1 ni ipi?

Mambo mengine yanatukuta hata bila lugha kugongana. Mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vilianza mfumo wa LMD. Zamani mtu alipita G1, G2, G3, akapata gradua, ndipo akaingia L1 na L2. L1 ilikuwa mwaka wa nne. Sasa L1 ni mwaka wa kwanza. Herufi ni ileile, maana imerudi nyuma miaka mitatu. Binamu yangu alipotangaza nyumbani kwamba yuko L1, shangazi alianza kupanga sherehe ya kumaliza. Na aliyepata lisansi kwa miaka mitano anamtazama kwa jicho la pembeni anayeipata kwa mitatu, ingawa mfumo mpya unahesabu krediti 60 kwa mwaka na kazi binafsi nyingi ambazo zamani hazikuhesabiwa. Ofisi zimebadilisha fomu siku moja. Ukoo unahitaji muda zaidi.

Maneno ya njiani

Yapo maneno ambayo hayakutoka chuoni lakini yameingia katika kalenda ya masomo. Vilmorti ni siku ambayo mji unafungwa kwa wito wa maandamano: maduka kufuli, pikipiki hakuna, kozi hakuna. Riposti lilikuja na Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020. Lilikuwa jina la kazi yote ya kupambana na ugonjwa, na vijana waliotafuta kibarua walisema "natafuta mu Riposti". Badeplase ni waliokimbia vijiji vyao. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewaleta mjini watu wengi, na wamo wanafunzi wenzetu ambao katika fomu ya anwani wanaandika mtaa wa jamaa aliyewapokea.

Na kuna swali lisilo na neno la Kifaransa hata moja: "Njia iko namna gani?" Mwanafunzi wa Beni anayesoma Butembo analiuliza kila Ijumaa kabla ya kurudi kwao. Halihusu tope. Jibu likiwa "njia haiko muzuri", anabaki, na Jumatatu hakuna anayemuuliza kwa nini hakuleta fedha ya tranchi.

Pendekezo langu kwa kitivo ni dogo na halina gharama. Kwanza, katika kozi zinazohusu lugha zetu, mwanafunzi aruhusiwe kutoa mfano na maelezo yake kwa Kiswahili chake, au kwa Kinande pamoja na tafsiri, na asahihishwe kwa alichokielewa. Istilahi ya Kifaransa idaiwe kando, kwa alama zake. Pili, jarida hili lifungue ukurasa wa istilahi za makundi ya jioni: neno la silabusi, neno la sanifu kama lipo, na neno ambalo watu wanalitumia kweli kueleweshana. Armoni ya irabu, ukubaliano wa irabu, kufwatana. Maneno ya kuanzia yamo humu. Ya wanafunzi wa tiba, sheria na kilimo hayamo, na makundi yao yanakutana jioni zilezile, vyumba vya jirani. Bila wao orodha itakuwa ya watu wa lugha peke yao.